Petroli, mafuta ya taa, thina au dizeli: vyuma vya gereji uvioshee nini?

Swali hili huja gereji kwa sura nyingi. Mwanagenzi anauliza kabureta aioshee nini. Mwenye pikipiki amebakiwa na petroli ya nusu chupa na anaona itamfaa kusafishia mnyororo. Fundi rangi anataka kujua kwa nini thina ya kupimiwa inamuumiza kichwa kuliko ya kopo.

Kwa asiye na muda, jibu langu ni hili. Grisi na uchafu wa mafuta uoshe kwa mafuta ya taa. Kama mahali ulipo kuna joto kali na kazi haina haraka, tumia dizeli. Kitu kinachotakiwa kikauke bila kuacha utando kipulizie dawa ya kopo ya breki, ukiwa nje, kwa kiasi kidogo. Petroli iache kwenye tangi. Mwenye muda tuendelee, maana kuna siku utafika dukani ukute ulichotumwa hakipo, na hapo sababu ndizo zitakazokuchagulia.

Kinachowaka si kimiminika chenyewe. Kinachowaka ni mvuke unaopanda juu yake ukichanganyika na hewa. Niliona hilo kwa macho nikiwa bado naitwa bwana mdogo, kwenye gereji niliyojifunzia kazi Temeke. Mwenzangu alikuwa amechuchumaa mbele ya karai la petroli akisugua giaboksi. Hakuna aliyevuta sigara, hakuna aliyekuwa anachomelea. Kompresa ilikuwa upande wa pili wa banda, hatua kama sita. Upepo ulipopungua kwenye tangi lake ikajiwasha yenyewe kama ilivyozoea. Tukasikia swichi ikilia tak, kisha moto wa buluu ukaja sakafuni kama maji yanayofuata mteremko, moja kwa moja hadi kwenye karai. Aliruka nyuma, lakini viganja vyake vilichukua miezi kupona. Mzee aliufunika moto kwa gunia bichi, akatugeukia sisi tuliobaki tumeduwaa: "Nani kawaambia petroli ni sabuni?"

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi kwenda kutokea dirishani kama moshi. Unashuka, unatambaa, unajaza shimo la gereji, unapita chini ya mlango na kungoja. Unaanza kuwaka ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, na unaendelea kuwaka hadi asilimia 7.6. Piga hesabu: lita moja ya petroli ikikauka yote hutoa mvuke wa lita 180 hivi, na mvuke huo unatosha kuifanya hewa ya mita za ujazo 12 iweze kulipuka. Hicho ni chumba cha mita mbili kwa mbili na nusu, chenye dari ya mita mbili na nusu. Stoo za vipuri nyingi nilizoziona hazifiki ukubwa huo.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha vimiminika hivi, swali la maana ni kwamba kila kimoja huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka kikiwa na joto gani. Wakemia wana kipimo chake. Wanapasha kimiminika polepole, wanakisogezea kimoto kidogo kila baada ya muda, na kuandika joto ambalo mvuke unamweka kwa mara ya kwanza, mwako wa kupepesa tu kisha unapotea. Hapa nitaliita joto la kumweka. Kipimo hiki kilizaliwa kwa ajili ya taa. Katika karne ya 19 wauzaji walikuwa wakiyachanganya mafuta ya taa na zile sehemu nyepesi za mafuta ghafi ambazo hazikuwa na soko, kwa kuwa magari hayajaja, na taa zikawa zinalipuka majumbani mwa watu. Uingereza ikatunga sheria ya petroli mwaka 1862, na mwaka 1879 ikakubali chombo cha kupimia cha mkemia Frederick Abel.

Nimeweka vya kwetu kando kwa kando:

| Kimiminika | Joto la kumweka (°C) | Kukauka | Kinachobaki kwenye chuma |
|---|---|---|---|
| Petroli | karibu −40 | dakika chache | karibu hakuna |
| Heksani (ndani ya baadhi ya dawa za breki) | −22 | papo hapo | hakuna |
| Toluini (ndani ya thina nyingi) | 4 | dakika chache | hakuna |
| Tapentaini ya dukani | karibu 40 | taratibu | kidogo |
| Mafuta ya taa | 38 au zaidi | taratibu sana | utando mwembamba |
| Dizeli | 52 au zaidi | usisubiri | utando mzito |
| Maji ya moto na sabuni | hakuna | hutegemea jua | kutu, usipokausha |

Kimataifa, kimiminika kinachomweka chini ya nyuzi 23 huhesabiwa kuwa cha hatari kubwa ya moto. Ndiyo maana kopo la thina lina ule mwali wa moto ndani ya pembe nne nyekundu. Safu tatu za juu zote ziko chini ya 23. Hizo hazina msimu: Njombe asubuhi yenye baridi au Tanga mchana wa Februari, mvuke wa kuwaka upo tayari.

Petroli inapendwa kwa sababu moja ya kweli, na si haki kuificha. Inaosha vizuri. Inaingia kwenye vijitundu vya kabureta, inayeyusha lami iliyoganda, inakauka bila kuacha kitu, na ipo kila mahali. Fundi hana haja ya kutuma mtoto dukani. Anavuta mpira kwenye tangi la mteja. Ubaya wake ni huo huo uzuri wake. Kinachokauka haraka ndicho kinachotoa mvuke haraka, na hakuna namna ya kupata kimoja bila kingine. Juu ya hayo, petroli ina benzini ndani yake, ambayo husababisha saratani ya damu. Ulaya sheria hairuhusu izidi asilimia 1 ya ujazo. Petroli inapita pia kwenye ngozi. Mikono inayooshwa petroli kila jioni hukauka, kupasuka na kuwasha, na fundi anasema ni kazi. Si kazi, ni petroli. Paka mafuta ya kula, sugua, kisha sabuni ya unga na sukari kidogo. Grisi itatoka na ngozi itabaki yako.

Na kuhusu kunyonya kwa mpira: hapa sina mzaha. Petroli ikiteleza kwenye njia ya hewa, hata kiasi kidogo, inachoma mapafu kwa namna ambayo hospitali haina dawa ya kuirudisha nyuma. Pampu ya mkono ya plastiki ni bei ya chakula cha mchana.

Mafuta ya taa ndiyo chaguo langu, lakini kwa masharti ambayo watu wengi hawayajui. Kwanza, nyuzi 38 ni salama ukiwa Nairobi, ambako mchana haufiki 30 mara nyingi. Dar es Salaam Februari kivulini ni 32 au 33, na chini ya bati jipya lisilo na dari ni zaidi. Nafasi iliyobaki ni nyuzi chache tu. Ndugu zetu wanaofanya kazi za gereji Muscat, ambako Juni joto hupita 40, wajue kwamba kwao mafuta ya taa mchana ni ndugu wa petroli. Ushauri wa kitabu kilichoandikwa nchi ya baridi, kwamba mafuta haya hayana tatizo, usiuchukue bila kuangalia kipimajoto chako.

Pili, joto la kumweka linapimwa kimiminika kikiwa kimetulia kwenye chombo. Ukikipulizia kwa bunduki ya kompresa kikawa ukungu, hesabu hiyo haipo tena. Matone madogo hushika moto hata kwenye baridi. Ukikinywesha tambara, vile vile. Hili kila aliyekulia na koroboi analijua bila kufundishwa: tone la mafuta ya taa kwenye sahani utapata shida kuliwasha kwa kiberiti, lakini utambi unashika mara moja. Tambara lililolowa mafuta ya taa ni utambi. Matambara yako yaweke kwenye debe la bati lenye mfuniko, si pembeni mwa ukuta.

Tatu, na hili huwashangaza hata mafundi wa siku nyingi. Mafuta ya taa yanaweza kuwaka bila cheche yoyote, yakigusa chuma chenye joto la kama nyuzi 210. Petroli inahitaji karibu 280, toluini 480. Yaani kwenye ekzosi ya moto, iliyotoka kupanda mlima Kitonga na mzigo, mafuta ya taa na dizeli hujiwasha kwa urahisi kuliko petroli. Anayemwagia injini mafuta ya taa huku bado inapumua moto akidhani amekwepa hatari ya petroli, amebadilisha hatari tu. Acha ipoe. Ukiweza kuushika mkono wa ekzosi, osha.

Nne ni usafi wa mafuta yenyewe. Petroli ikiingia kwenye mafuta ya taa, asilimia chache tu, joto la kumweka huporomoka; mchanganyiko unabaki na rangi na jina la mafuta ya taa lakini tabia ni ya petroli. Inatokea kwa bahati mbaya, dumu la petroli likajazwa mafuta ya taa bila kukaushwa, na inatokea kwa makusudi. Tumezoea habari za upande mwingine, mafuta ya taa kuchanganywa na dizeli kwa kuwa yalikuwa nafuu; Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa ajili ya kuzima biashara hiyo. Lakini huo wa petroli ndani ya mafuta ya taa ndio unaounguza nyumba, kwa sababu unaingia kwenye taa na jiko. Yakinuka petroli, rudisha. Usijaribu kupima kwa kiberiti.

Na majina! Ukivuka kwenda Goma au Lubumbashi, neno petroli ni mafuta ya taa. Kile sisi tunachokiita petroli wao ni esansi, na dizeli ni mazutu. Dereva wa masafa marefu anayeomba petroli ya kuoshea plagi atapewa kitu kingine, na hapo ana bahati. Mwenye bahati mbaya ni Mkongo aliyefika Kigoma akaomba petroli ya taa yake.

Faida ya mwisho ya mafuta ya taa ni ule utando wanaouacha. Kwa beringi, mnyororo na giaboksi utando huo ni kinga ya kutu kati ya leo na siku utakapofunga. Kwa diski ya breki na kwa bodi inayosubiri rangi, utando huo huo ni balaa: breki zitateleza na rangi itabanduka.

Dizeli sina mengi ya kuisema. Inaosha polepole, inanuka hadi kwenye wali, inaacha mkono na chuma vikiteleza. Lakini nyuzi 52 na kuendelea ni nafasi nzuri hata pwani, na kwa kulowekea nati zilizoshikwa na kutu usiku kucha haina mpinzani kwa bei. Masharti ya ukungu, tambara na ekzosi ya moto ni yale yale.

Tapentaini iko jirani na mafuta ya taa kwa hatari, ila ni safi zaidi na ghali zaidi. Jina linatokana na utomvu wa msonobari, lakini nyingi ya dukani leo inatoka kwenye mafuta ghafi. Ninayo kwa brashi za rangi ya mafuta, basi. Kama rangi yako ina mafuta ya kitani, tambara ulilofutia ulitandaze likauke, usilifinyange ukalitupa kwenye pipa la taka: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na donge la tambara huweza kujiwasha lenyewe usiku. Mafuta ya taa na dizeli hayana tabia hiyo.

Thina ni neno moja linalobeba vitu vingi. Ya kopo huandikwa kilichomo, mara nyingi toluini, zailini na asetoni. Ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ni siri ya muuzaji. Maumivu ya kichwa ya yule fundi rangi yana maana: toluini inafika kwenye ubongo kupitia mapafu, inalewesha, na ukiivuta miaka mingi inapunguza kusikia na kumbukumbu. Mjamzito asikae kwenye banda la kupulizia rangi. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Inayozuia ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa, na vichujio hivyo vina mwisho. Ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa, vimekwisha. Kwa hatari ya moto, thina ihesabu petroli. Nyuzi 4 haina siku salama kwetu.

Dawa ya kopo ya kusafishia breki ndiyo ninayoitetea kwa kazi ndogo, na ndiyo pia iliyonifanya nianze kusoma makopo. Baadhi zina heksani. Heksani inakauka kabla hujafunga mdomo wa kopo, ndiyo maana watengenezaji waliipenda, lakini mwili ukiichakata huigeuza kuwa kemikali inayokula mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Ganzi huanzia vidoleni na kupanda. California, kati ya 1999 na 2000, mafundi wa magari waliokuwa wakipulizia dawa hizo kila siku walipatikana na ugonjwa huo. Suzhou, China, mwaka 2009, wafanyakazi zaidi ya 100 waliokuwa wakifutia vioo vya simu kwa heksani walipatwa na jambo lile lile. Heptani, jamaa yake mwenye kaboni moja zaidi, haina mkosi huo kwa kiwango hicho. Kwa hiyo ukiwa dukani geuza kopo usome: ikiwa ni heptani chukua, ikiwa ni heksani tafuta nyingine.

Utakuta pia makopo yanayojisifu kuwa hayashiki moto. Mara nyingi hayo yana klorini, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini usichomelee chuma ulichokipulizia kabla hakijakauka kabisa. Joto na mwanga wa kuchomelea huigeuza dawa hiyo kuwa fosijini, gesi iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya kuungua na kuvuta gesi ya vita, mimi nachagua kukaa na mafuta ya taa.

Neno moja kuhusu raba za breki. Petroli, mafuta ya taa na dizeli vyote huzivimbisha. Fundi anaosha pistoni ya breki kwa mafuta ya taa, anafunga, gari linatoka likisimama vizuri, na baada ya siku kadhaa breki zinajishika zenyewe njiani. Sehemu hizo osha kwa mafuta ya breki mapya au spiriti. Spiriti nayo inashika moto, lakini angalau haili raba.

Maji ya moto na sabuni ya unga yamekaa mwisho wa jedwali kama mtoto wa kambo, na bado ndiyo yanayoosha bodi za giaboksi kwangu. Loweka, sugua, suuza, puliza kwa hewa, paka mafuta mepesi. Yanachukua muda. Hayajawahi kuja sakafuni kunitafuta.

Ukishachagua, kinachobaki ni mikono. Nitasema yale ninayoyaona yakikosewa.

Simu inaogopwa kuliko inavyostahili, na swichi inaogopwa kidogo mno. Katika mioto ya vituo vya mafuta iliyosemwa ni ya simu, uchunguzi wa Marekani ulikuta umeme tuli, ule unaokuchapa ukivua sweta ya nailoni. Petroli na jamii yake, mafuta ya taa na dizeli, zikitiririka kwenye mpira au plastiki hujikusanyia umeme huo na haziuachi haraka. Kwa hiyo dumu usilijaze likiwa juu ya pikapu yenye zulia la plastiki wala likiwa limening'inia mkononi. Liweke chini, mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu, mimina bila pupa. Ukihamisha kutoka pipa la chuma kwenda debe la chuma, unganisha viwili hivyo kwa waya wa shaba usiopakwa rangi. Kompresa, jokofu la soda la gereji, mashine ya kusaga vyuma, hata waya wa betri ya gari: hivyo ndivyo vinavyowasha. Toa betri kwanza, hamisha kompresa nje ya banda, ndipo ufungue dumu.

Usilijaze dumu hadi mdomoni. Lita 20 za petroli zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka karibu lita 0.4, na zisipopata nafasi zitaitafuta kwa nguvu. Acha kama sehemu moja ya ishirini tupu.

Pipa tupu ni la hatari kuliko lililojaa, na ndilo linaloua mafundi wa kuchomelea. Ndani ya pipa lililojaa petroli mvuke ni mwingi kupita kiasi cha kuwaka. Ndani ya tupu umepungua hadi kiasi kinachofaa. Pipa la lita 200 linahitaji mvuke wa kijiko kimoja cha chakula cha petroli, na kijiko hicho kinakaa kwenye mshono usiouona. Anayetaka kulikata liwe jiko la nyama choma, alijaze maji hadi juu kabisa, akate mfuniko huku maji yamo. Kusuuza mara moja hakutoshi, na kunusa hakuambii kitu.

Chupa ya soda isitumike kuhifadhia. Mtoto hajui kusoma rangi ya kimiminika. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimlazimishe maziwa, maana yakirudi ndiyo yanayoingia mapafuni. Mkalishe wima, mpeleke hospitali na chupa yenyewe, hata kama anacheka.

Moto ukitokea kwenye karai, mkono wa kwanza uende kwenye mfuniko, si kwenye maji. Petroli inaelea; ndoo ya maji unaitandazia sakafu nzima. Mfuniko wa bati, gunia bichi, mchanga mkavu, au mtungi wa kuzimia moto, wa unga au povu, ulio karibu na mlango, si nyuma ya karai. Kama moto umeshatoka kwenye karai, toka na wewe. Na petroli iliyomwagika barabarani si ya kukinga ndoo: Sachang'wan nchini Kenya, Januari 31, 2009, na Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, kila mahali walikufa watu zaidi ya 100 kwa moto wa lori moja la mafuta lililopinduka.

Mafuta ya taa yaliyokwisha kuosha usiyamwage mtaroni. Yaache kwenye debe lililofunikwa siku mbili, tope litulie chini, chuja ya juu kwa kitambaa, yatafanya kazi tena mara tatu nne. Andika kwenye debe kwa rangi nyeupe MACHAFU, ili kijana wa jirani asije akayaazima ya jiko.